Mzee wa Mtoni Hataki Hela

Mimi Batuli nauza kahawa Iyunga, kando ya barabara kuu, mkabala na yadi ya malori, na siri za watu sijawahi kulipwa kuzitunza. Benchi langu ni ubao mmoja mrefu juu ya ringi mbili za lori. Mwezi wa sita huu baridi ya Mbeya inauma mpaka kwenye meno, kwa hiyo watu wanabanana wenyewe bila kuambiwa. Wa kudumu ni watatu. Kalinga, fundi wa malori kutoka Iringa, tunamwita Spana kwa sababu hata kanisani anakwenda nayo mfukoni. Silvester tunamwita Katiba. Aliwahi kuwa mlinzi wa geti la mahakama, na tangu hapo hawezi kuomba hata kashata bila kusema "kisheria". Wa tatu ni Isakwisa, dereva mstaafu, mpole, Mnyakyusa wa jina tu, maana alizaliwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu na Kyela kwa ukoo wake hakuwahi kuishi. Huyu tunamwita Nahodha. Jina hilo amelipata kwa kitu kilicholala ndani ya yadi chini ya turubai: mashua nyeupe ya tanga, na mlingoti wake, imekaa juu ya trela, hapa Mbeya, mji ambao maji tunayoyajua ni ya bomba, nayo kwa mgao.

Wenzake walipostaafu walinunua bajaji. Yeye alikwenda Tunduma akarudi na mashua, kwa Mzungu aliyekuwa anahama Zambia na hataki kuhama nayo. Nilimwona kachanganyikiwa, mpaka aliponieleza. Mkewe, Anjela, mama Blessing, si Mnyakyusa; kwao ni mbele ya Matema, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Nyasa. Barabara ya gari hakuna. Vyungu wanavyofinyanga wanawake wa huko vinafika sokoni kwa mtumbwi tu. Nahodha akawaza, tanga halinywi petroli, nitabeba vyungu, nitabeba na watu. Hesabu nzuri, ila mashua haiegeshwi kama bajaji. Upepo ukigeuka pale Matema mawimbi yanaupiga ufukwe mpaka asubuhi, na chombo kisichopata maji yaliyotulia kinavunjwa vipande. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa chini ya lile turubai.

Jumamosi ile mwenye yadi alisema mwisho leo, anataka kujenga. Lori la kuivuta mashua lilikuwa njiani linakuja, na Nahodha alikaa kwenye benchi langu hajui bado inakwenda kulala wapi.

Spana: Kamwene, Nahodha. Meli imepata parking?

Nahodha: Ya uhakika ni ile ya hoteli. Wana boya lao majini, unafunga kamba, mlinzi yupo. Ila wanataka dola, kila mwezi.

Katiba: Dola? Kwa kufunga kamba?

Nahodha: Nikawaambia mimi sio mtalii. Wakasema boya halijui.

Mimi: Na yule mzee wa mtoni uliyemtaja juzi?

Nahodha alishika kikombe kwa mikono miwili, akakiangalia.

Nahodha: Yule anasema nipeleke bure.

Hapa kwetu hata choo unalipia. Neno bure likitamkwa kijiweni kwangu, watu wanapapasa mifuko kuangalia kama simu zao bado zipo.

Spana: Bure kwa maana gani?

Nahodha: Bure ya bure. Ana shamba la kakao pale mto unapoingia ziwani. Maji yanaingia ndani kwenye matete, yametulia kama ya kwenye beseni. Nimeyaona kwa macho yangu. Mashua ikilala pale, wimbi haliifikii.

Katiba: Mlijuana wapi?

Nahodha: Hatujuani. Bodaboda mmoja wa Matema alinipa namba. Nikapiga. Mzee akauliza anaongea na nani, nikasema Isakwisa Mwakibinga. Akauliza, baba yako aliitwa nani? Nikasema Tulinagwe. Akakaa kimya nikadhani mtandao. Halafu akasema, lete mashua, sitaki hela.

Katiba aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeona nyoka.

Katiba: Alikuuliza jina la baba.

Nahodha: Ndiyo.

Katiba: Basi kisheria umekwisha. Jina lako analo, namba anayo, jina la baba analo. Bado la mama tu aende akakope mtandaoni, wewe ulipe.

Nahodha: Mzee wa shamba, Katiba. Simu yake ya tochi.

Katiba: Matapeli wote wana simu ya tochi. Ile kubwa ipo ndani imefichwa.

Spana: Mimi nawaza mlingoti. Ule ni alumini tupu, nimeugonga mwenyewe. Unauacha kwa mzee wiki mbili, unakuja sokoni Mwanjelwa kununua sufuria, kumbe unanunua mlingoti wako.

Nahodha: Angekuwa anataka alumini asingeniambia nije mwenyewe.

Mimi: Mama Blessing anasemaje?

Mimi nikitaka ukweli wa mwanaume naulizia mkewe. Nahodha akakuna kichwa chini ya kofia ya sufu.

Nahodha: Hapo sasa ndipo penye mtihani. Wiki iliyopita tulikwenda wote kupaangalia. Tumemkuta mzee anapalilia. Aliponiona mimi akacheka, akaja mbio kabisa, mikono mbele. Halafu Anjela akashuka kwenye bodaboda ya nyuma. Mzee akatupa jembe, akaingia migombani.

Spana: Kuchukua nini?

Nahodha: Kujificha.

Spana: Mtu mzima?

Nahodha: Mvi kichwa kizima. Akawa anaongea na mimi kutoka huko ndani, sauti tu. Anjela akamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Tukasikia majani yanazidi kusogea mbali.

Mimi: Hakuitikia shikamoo?

Nahodha: Hakuitikia, Mama Batuli. Ila mkewe alitoka na kuku mzima, na ndizi, na wali, tukala mpaka tukashindwa. Yeye hatukumwona tena. Tunaondoka, simu inaita, ni yeye, yupo humo humo migombani. Anasema, mwanangu, mashua ilete, lakini siku hiyo njoo peke yako. Ulale. Tutaongea.

Nimewamiminia kahawa wezi, nimewamiminia polisi, siku moja niliwamiminia wote wawili benchi moja bila wao kujuana. Lakini "njoo peke yako, ulale" ilinifanya nifunge khanga vizuri. Moyo wangu uliniambia huyu mzee hafai, na niliusema wazi.

Mimi: Nahodha, usiende.

Spana: Mtu anayemkimbia mwanamke ana kesi na huyo mwanamke. Huyo alishamwibia mama Blessing vyungu zamani, anaogopa kutambuliwa.

Nahodha: Anjela hajauona hata uso wake.

Katiba: Umeona sasa? Mke ndiye shahidi. Anataka mteja alale bila shahidi. Asubuhi unaamka, mashua ipo Malawi, na karatasi inasema umeiuza mwenyewe.

Nahodha: Mteja nani?

Katiba: Wewe. Tangu sasa.

Mimi: Na kuku je? Yule kuku alikuwa na dawa.

Nahodha: Tumemla wiki iliyopita, Mama Batuli. Tumelala, tumeamka.

Mimi: Zipo dawa zinazochelewa.

Spana: Mto ule una mamba, nimesikia. Sasa mtu anajenga vipi mdomoni mwa mto wenye mamba, analima, anazeeka, haliwi? Mtu huyo ameelewana nao.

Katiba: Anawafuga.

Spana: Mimi sijasema hivyo. Nimesema wameelewana.

Katiba: Hiyo ndiyo sababu anakimbia mwanamke. Masharti. Mganga akimpa mtu mamba anampa na masharti, usikutane uso kwa uso na mwanamke.

Nahodha: Mkewe si mwanamke?

Katiba: Masharti ni ya wake za watu.

Hapo hata mimi niliona tumefika mbali, lakini kahawa ilikuwa ya moto na maneno yalikuwa yanashuka vizuri. Nahodha peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anaiangalia yadi.

Nahodha: Mimi nitasema kitu, mnicheke. Yule mzee nilimpenda. Vile alivyonijia mikono mbele, hakuna mtu aliyewahi kunijia hivyo. Baba alifukiwa shimoni Makongolosi nikiwa mdogo, sura yake siikumbuki. Mama naye hakuniambia kwao baba ni wapi, alisema Kyela, basi. Sasa mzee ananiita mwanangu, nikasikia joto hapa kifuani.

Spana: Ndiyo kazi yao hiyo. Wanakusoma kwanza.

Katiba: Lete simu.

Nahodha: Ya nini?

Katiba: Niongee naye kama wakili wako. Mtu safi haogopi maswali. Akijibu vizuri, peleka mashua na mimi nitakusindikiza. Akibabaika, tumekuokoa.

Nahodha alisita. Nadhani kama angekuwa na sehemu nyingine ya kulaza ile mashua asingeitoa ile simu. Alimpa. Katiba akaweka sauti kubwa, akakohoa, akakaa wima. Simu haikuita mara mbili.

Sauti ya mzee: Ndaga, mwanangu. Umeshatoka? Tumekusubiri.

Katiba: Hapa unaongea na mwanasheria wa Isakwisa. Una maswali ya kujibu.

Kule upande wa pili tukasikia kuku, na watu wengi wanaongea kwa mbali, na mzee anawaambia wanyamaze.

Katiba: La kwanza. Jina la marehemu baba yake ulilitakia nini?

Sauti ya mzee: Hayo nitamwambia mwenyewe akifika. Sio mambo ya simu.

Katiba akatukonyeza. Spana akamwinamia sikioni, akamnong'oneza, na mimi nilisikia: muulize habari ya mke.

Katiba: La pili. Una nini na mke wa mteja wangu? Unamkimbia kwa sababu unamtamani, au ulishakuwa naye huko nyuma?

Nahodha alinyoosha mkono kuichukua simu. Alichelewa. Kule wale watu waliokuwa wanaongea walikuwa wamenyamaza kweli, wanasikiliza. Sauti ya mzee ikatoka chini sana.

Sauti ya mzee: Mimi nimeulizwa hivyo?

Katiba akaisogeza simu karibu na mdomo.

Sauti ya mzee: Basi. Mwambieni mwanangu asije tena.

Simu ikakatika.

Spana: Umeona? Ukimbana kidogo tu, anakata.

Katiba: Kisheria, amekiri.

Nikawamiminia wote kikombe kimoja kimoja cha ofa, mimi ambaye siku zote nadai hela kabla ya kumimina. Tulijisikia watu wa maana. Nahodha hakugusa chake.

Nahodha: Sauti ilikuwa inatetemeka.

Spana: Hasira.

Nahodha: Sio hasira. Na sasa mashua nailaza wapi?

Katiba: Hotelini. Dola utazipata tu.

Nahodha: Nitazipata wapi?

Katiba akasema Mungu mkubwa, akaomba kashata.

Lori la kuvuta mashua likaingia yadi wakati huo. Dereva wake ni Anord, kijana wa Kyela anayebeba mpunga na kakao kupandisha huku juu. Akavuka barabara huku anasugua mikono kwa baridi.

Anord: Shikamooni wazee. Shikamoo mama. Nipe ya moto, na kashata. Mashua yenyewe ni ile? Naishusha sehemu gani?

Tukaitikia marahaba, na Katiba akamsimulia yote tangu mwanzo, kwa madaha, na namna alivyomwumbua tapeli. Anord alicheka kwenye mamba. Kwenye migomba akaacha kutafuna. Akamgeukia Nahodha.

Anord: Alimkimbia mama peke yake? Wewe hakukukimbia?

Nahodha: Mimi alinijia mikono mbele.

Anord: Mama akamwamkia, mzee akanyamaza, uso hakuutoa. Chakula akaleta mkewe.

Nahodha: Ndiyo.

Anord: Mzee huyo anaitwa nani?

Asubuhi nzima tulikuwa tunamjua. Tulijua mamba wake, mganga wake, sufuria zake za Mwanjelwa na mkopo wake wa mtandaoni. Jina lake hakuna aliyekuwa nalo. Nahodha akafungua simu akaangalia, akasema yeye amemwandika Mzee wa Mtoni.

Anord: Baba, samahani. Wewe ni Mnyakyusa kweli?

Nahodha: Wa Makongolosi.

Anord: Ndiyo maana. Kwetu, kwa wazee wa zamani, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini, hata kama ni matope. Hawasalimiani, hawatajani majina. Sisi vijana tumeacha, tunakula nao sahani moja. Wazee wengine hawajaacha. Kwao hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Nahodha: Baba mkwe wa nani? Baba yangu alikufa.

Anord: Baba mkwe sio yule aliyemzaa mume tu. Ndugu zake wote ni baba mkwe. Alikuuliza jina la baba yako, ukamtajia. Akakukimbilia wewe, akamkimbia mkeo. Mzee, huyo ni mdogo wa baba yako. Baba yako mdogo huyo. Sasa akutoze hela kulaza mashua kwenye shamba la babu yako?

Nahodha alisimama, akakaa, akasimama tena. Akapiga ile namba. Ikaita mpaka ikaisha. Akapiga tena, ikaita mpaka ikaisha. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Spana: Sasa na yeye si angesema tu. Mimi ni baba yako mdogo, basi.

Anord: Aseme kwenye simu? Mtoto wa kaka yake aliyepotelea machimboni, amtangaze kwenye simu? Alimwambia njoo, ulale, tutaongea. Hao watu mliosikia wanaongea walikuwa ndugu. Wameitwa waje wamwone.

Mimi nikakumbuka wale watu walivyonyamaza wakati Katiba anauliza, nikaweka birika chini. Ukoo mzima umesikia mzee wao anaulizwa kama anamtamani mkwe wake. Nikasema, jamani mwe, tumefanya nini sisi.

Anord: Kwetu mzee akiambiwa neno lile anaweza akaacha kula. Na haliombwi radhi kwa simu. Aliyelisema anakwenda mwenyewe, anapiga magoti mlangoni, wakimwinua ndiyo basi. Mbele kwenye lori nina nafasi ya mtu. Nani alilisema?

Katiba alikuwa anaangalia malori ya barabarani, moja baada ya jingine, kana kwamba anasubiri mzigo wake. Spana alitoa spana mfukoni akaanza kuifuta kwa ncha ya koti. Mimi nilikuwa napepea jiko ambalo moto wake haukuwa na shida yoyote.

Anord: Wazee, nauliza. Nani alilisema?

Nahodha: Mimi.

Anord: Wewe? Huyu si amesema ni yeye alikuwa anaongea?

Nahodha: Simu ni yangu. Kule limefika kwa jina langu.

Hakutuangalia alipolisema. Laiti angetutukana, ningejua pa kushika. Alitoa simu akampigia mkewe, akamwambia amwekee blanketi kwenye mfuko, lori litapita nyumbani kulichukua. Nadhani mama Blessing alisema anakuja naye, maana nilimsikia anamjibu taratibu.

Nahodha: Hapana, Anjela, safari hii baki. Mzee wa watu amekimbia vya kutosha.

Wakavuka barabara. Turubai alilifungua mwenyewe, akalikunja, akakagua kamba za mlingoti moja moja. Anord akafunga trela nyuma ya lori, halafu akauliza, na sisi ng'ambo tulisikia kwa sababu anaongea kwa sauti ya watu wa magari.

Anord: Na akikataa kukuona, hii nayo naishusha wapi? Hotelini?

Nahodha: Ishushe mlangoni pake. Nitakaa nayo mpaka atoke.

Lori likatoka na ile mashua nyeupe, likashika njia ya Uyole. Katiba akaanza kusema "kisheria", akaishia hapo. Spana akaniletea vikombe vyote vitatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na cha Nahodha kilikuwa bado kimejaa.